Gramu Elfu Mbili na Mia Tano

Ndani ya tumbokioo namba arobaini, mtoto asiyezidi gramu elfu moja alielea kwenye maji ya uvuguvugu, akipiga miayo. Mashine ilimlisha kupitia kitovu, ikamsafishia damu na kumpima kila dakika. Akifika gramu elfu mbili na mia tano, taa ya kijani ingewaka, naye angekabidhiwa mama yake.

Mhandisi Nyamizi Lugendo ndiye aliyeibuni mashine hiyo. Kwa miaka sita serikali ilijigamba kwamba nchini hazaliwi tena mtoto mwenye uzito pungufu.

Asubuhi moja Nyamizi alikuja hospitalini kukagua mabomba ya mashine, akamkuta mwanamke mbele ya roboti karani.

"Naomba kibali cha kumzika mwanangu."

"Hakuna kumbukumbu ya kuzaliwa," roboti ilijibu. "Asiyezaliwa hafi."

"Mimi nilimzaa! Nilishonwa nyuzi saba!"

Nyamizi akamvuta kando. Mwanamke aliitwa Kabula, mfungashaji wa maua katika mabanda ya joto. Alikuwa amefanya kazi kwa kusimama hadi siku uchungu ulipomshika, tumbo likiwa na chai tupu. Mtoto alizaliwa mdogo mno, akawekwa kwenye tumbokioo, akafia humo wiki tatu baadaye.

Nyamizi alipanda moja kwa moja kwa Mkurugenzi Rwezahura, msimamizi wa takwimu za uzazi.

"Mheshimiwa, hawa watoto mnawahesabu lini?"

"Taa ya kijani ikiwaka. Mashine yako ni tumbo, Mhandisi. Aliye tumboni hajazaliwa."

"Na wanaofia humo?"

"Mimba zilizoharibika."

"Ndiyo maana mkafuta uji wa lishe wa wajawazito?"

"Wa nini tena? Takwimu ni sifuri."

Nyamizi alitoka bila kuaga. Alishuka chumba cha mitambo, akafungua programu aliyoiandika mwenyewe, akabadili mstari mmoja: siku ya kuzaliwa ni siku aliyojifungua mama. Kisha akaitangaza hesabu mpya kwenye simu zote nchini. Katika kila watoto mia, kumi na tisa walizaliwa na uzito pungufu. Elfu nne walikuwa wamekufa bila cheti wala kaburi.

Mkurugenzi alimfuata akihema. "Umeliaibisha taifa! Kuanzia leo kazi huna!"

"Waliokuwa na njaa ni mama zao, Mheshimiwa. Wewe ulishiba sifuri."

Walinzi walipokuwa wakimtoa, alipita mbele ya roboti karani. Kabula alikuwa amerudi kwenye foleni.

"Jina la marehemu?" roboti iliuliza.

"Sayi."

"Umri?"

"Siku ishirini na mbili," Kabula alisema. "Andika zote."