Na Mimi Nani Ataniomba?

“Nyekundu tena!” Gwiza aliisukuma kompyuta, akasimama, akaketi, akasimama tena. “Mutsinzi, swali hili nimelikosa jana na leo nalikosa tena.”

“Tulia, sha. Soma kwa sauti.”

“Shirika la misaada linataka mfumo mpya. Taarifa za wafadhili zimetawanyika kwenye simu za wafanyakazi. Mshauri aanze na nini? Mimi nimesema aanze kujenga mfumo. Wao wanasema akae kwanza na wafanyakazi, awaulize wanafanyaje kazi na wanahitaji nini.”

Mutsinzi alicheka, mdomo umejaa chapati aliyojimegea bila kukaribishwa.

“Hayo ni majibu ya karatasini. Mimi mteja akifungua mdomo tu, nishaijua shida yake. Najenga, nampa, anafurahi. Nani ana muda wa kuuliza-uliza?”

Tuwajue kidogo hawa wawili. Gwiza amekulia Karagwe, Tanzania, kabla wazazi hawajarudi Rwanda. Sasa anapanga nyumba ndogo Kabeza, jijini Kigali, na anafanya kazi Muhima, kwenye kampuni inayofungia mashirika ya misaada mifumo ya kompyuta. Mutsinzi amekulia Kampala. Ni fundi wa mifumo hiyohiyo, hodari kweli, cheti chake cha ufundi anacho tangu zamani. Ana sura, ana moyo, na akishakupenda anakufanyia kila kitu, hata ambacho hukumwomba.

Gwiza alikuwa anatafuta cheti kingine, cha ushauri, cha mtu anayekaa na shirika na kulielekeza lijengewe nini. Mara ya kwanza alianguka. Tangu hapo hakai akatulia. Anasoma akitembea, anapika akisoma, anaunguza maharage.

Simu ya Mutsinzi iliita. Akaongea Kiganda, akacheka, akakata.

“Habari njema! Wazee wamepanga gusaba, siku ya posa yetu. Mwanzoni mwa mwezi ujao wanakwenda kwa baba yako. Na mashangazi zangu wanakuja Alhamisi kukuona.”

“Alhamisi? Si ndiyo siku ya mtihani wangu?”

“Usijali, hilo niachie.”

“Baba anajua?”

“Wameshampigia, amefurahi sana! Ukumbi nimepata. Na nyumba yetu ya Ndera, fundi anapaka chumba cha kulala. Nimechagua kijani.”

Gwiza aliifunga kompyuta.

“Mutsinzi, kuna jambo la kazini nilitaka kukwambia. Lillian amesema...”

“Lillian nitaongea naye mimi. Wewe soma tu, mpenzi.”

Akambusu kwenye paji la uso, akaenda zake na kipande cha chapati mkononi. Mimi ningekuwa Gwiza ningemrushia na sahani. Yeye alibaki anaizunguka meza, anaokota kalamu na kuirudisha palepale.

Alhamisi asubuhi, Lillian, bosi wake, alimpa chumba kidogo cha mikutano pale Muhima na kufunga mlango mwenyewe. Mtihani ulikuwa wa mtandaoni. Msimamizi yuko nchi ya mbali, anakutazama kwa kamera, anakusikiliza. Akionekana mtu mwingine chumbani, au sauti za watu zikiendelea kusikika, mtihani unafungwa papo hapo.

Gwiza alifungua akaunti. Kioo kikamjibu kwa upole kabisa: “Mtihani wako umesogezwa hadi mwezi ujao, kama ulivyoomba.”

Kama ulivyoomba? Alisoma tena. Akapiga simu.

“Mutsinzi, mtihani wangu uko wapi?”

Mutsinzi akakohoa.

“Mutsinzi!”

“Mpenzi, nilitaka nikwambie jioni. Niliusogeza. Si nilikufungulia akaunti mimi, nywila ninayo? Nikaona bado hujawa sawa, na leo mashangazi wanakuja...”

“Uliusogeza.”

“Kwa ajili yako! Gusaba ipite, utulie, ndipo ufanye. Kuna ubaya gani?”

“Sikiliza ubaya. Kuna shirika Ndera linalosaidia familia zenye wagonjwa wa akili. Linataka mshauri mwenye cheti, na Jumatatu linataka jina. Nisipokuwa nacho, kazi inakwenda kwa kampuni nyingine. Kazi niliyoitaka tangu nianze kusoma! Ndiyo habari niliyokuwa nakwambia juzi ukanikatiza.”

“Sasa mbona hukusisitiza?”

“Na wewe mbona hukuuliza?” Sauti ya Gwiza ilipanda, nje watu wakanyamaza. “Kuishi Ndera, uliniuliza? Tarehe, uliniuliza? Hata hicho kijani chako! Wazee wenu wanakwenda kumwomba baba yangu. Sawa, ndiyo desturi. Na mimi, Mutsinzi? Mimi nani ataniomba? Hata siku moja hujaniuliza kama nataka kuolewa na wewe!”

“Lakini... si tunapendana?”

“Nakupenda. Ndiyo maana inauma hivi. Waambie wazee wasubiri. Na usije kwangu.”

Alikata simu. Akabadilisha nywila kwanza, ndipo akalia.

Lillian aliingia na karatasi za kujifutia machozi, akaketi pembeni bila maswali. Baadaye wakatafuta nafasi nyingine pamoja. Ilibaki moja tu kabla ya Jumatatu.

“Jumamosi asubuhi,” Lillian alisema.

“Jumamosi hii ni umuganda, bosi.”

“Si afadhali? Ofisi imefungwa, lakini hata magari hayatembei. Mji mzima kimya. Fanyia nyumbani.”

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila nyumba Kigali hutoa mtu wa kazi ya pamoja. Kwa hiyo jioni ile Gwiza alikwenda kubisha kwa Claudette, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Keith, mkuu wa mudugudu wao, yaani kitongoji.

“Mtihani? Siku ya umuganda?” Mama Keith aliweka mikono kiunoni. “Mwanangu, kila nyumba iko inatoa mutu. Nikikuacha wewe, kesho wote wanakuja na mtihani yao.”

“Mama Keith, ndakwinginze, nakusihi. Ni maisha yangu haya.”

“Basi reta mutu kwa nafasi yako. Mumoja tu. Hapo nitanyamaza.”

Mtu wa kumtoa wapi? Gwiza anaishi peke yake. Njiani simu ililia mfululizo, ujumbe wa Mutsinzi juu ya ujumbe.

“Nitaongea na Lillian.”

“Nitabadilisha rangi ya chumba.”

“Nitakuletea intaneti ya kasi, nitakufungia mwenyewe.”

“Nitawapeleka wazee wakaombe radhi.”

Gwiza alisimama katikati ya njia, akaandika: “Kila ujumbe wako unaanza na NITA.”

Simu ikanyamaza.

Usiku huo na kesho yake alisoma peke yake, bila mwalimu wa kumega chapati yake. Akayarudia maswali yote yaliyowahi kumwekea nyekundu, na alichokiona kilimfanya acheke kwa uchungu. Yalifanana. Kila alipokosa, alikuwa amekimbilia kujenga. Kila mara jibu sahihi lilikuwa kaa nao, waulize, sikiliza. Alikuwa anamjibu mtahini kwa mdomo wa Mutsinzi! Kumbe unaweza kumpenda mtu mpaka akuangushe mtihani.

Ijumaa mchana ujumbe mwingine ukaingia.

“Gwiza, unahitaji nini kutoka kwangu?”

Aliusoma amesimama. Akaandika, akafuta. Akaenda dirishani, akarudi. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kwa ujumbe wa maneno machache tu, na hilo lilimkasirisha pia.

“Kesho nafanya mtihani nyumbani,” aliandika mwisho. “Nahitaji uje umuganda Kabeza kwa niaba ya nyumba yangu. Usigonge mlango. Usilete kitu.”

“Sawa.”

“Sawa tu?”

“Sawa tu.”

Jumamosi barabara ya uwanja wa ndege ilinyamaza kweli. Gwiza alionyesha kamera meza tupu, kuta na nyuma ya mlango. Msimamizi akaridhika, mtihani ukaanza. La kwanza akalijibu. La pili akalijibu. Mguu wake ulikuwa unacheza chini ya meza lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi.

Kisha akasikia majembe.

Halafu vicheko. Halafu sauti za watu, nje kabisa ya dirisha lake, wakiulizana nani kaja na koleo. Kazi ya mwezi ule ilikuwa kuzibua mtaro, na mtaro ule ulipita nyuma ya nyumba yake. Yeye, mshauri mtarajiwa, alimbembeleza Mama Keith kwa kila neno ila hilo moja. Hakuuliza kazi ni wapi!

Ujumbe wa msimamizi ukajitokeza kwenye kioo: “Nasikia sauti za watu. Hakikisha uko peke yako. Zikiendelea, nitafunga mtihani.”

Asimame? Akiondoka mbele ya kamera, kwisha. Apige kelele wanyamaze? Kwisha. Alishika kingo za meza, machozi yakimlenga, akingoja kufungiwa.

Sauti zikapungua. Zikahama. Zikapotea kabisa. Kilichobaki ni mlio mdogo wa jiwe kuwekwa juu ya jiwe, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo mtoto akiwa amelala.

Gwiza alipumua. Swali lililofuata lilikuwa ndugu wa lile lililomtesa wiki nzima. Shirika linataka mfumo, mshauri aanze na nini? Hakufikiria hata mara mbili.

Alipobonyeza kitufe cha mwisho alifumba macho. Alipoyafumbua, kioo kilimwambia amefaulu. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili ndipo akapiga kelele.

Alitoka nje mbio. Mama Keith alikuwa getini na jembe begani, anacheka mwenyewe.

“Mutu yako huyu, wapi ulimutoa?”

“Amefanya nini?”

“Tulikuja kuanza hapa kwa dirisha. Yeye akasema pole pole, Mama, naomba kuuliza, mnaonaje tukianza kule chini, hapa muniachie mimi? Mimi nikasema hii sehemu iko na mawe mengi, peke yako utaweza? Akasema nitajaribu. Tumeenda. Kurudi nakuta ameweka jembe kando, iko inatoa mawe na mikono. Namuuliza, anaweka kidole kwa mudomo. Eti jembe ina kelele.”

Mama Keith alitikisa kichwa, akaelekea uwanjani ambako watu walikuwa wanakusanyika kwa mkutano wa baada ya kazi. Nyuma yake, kando ya mtaro, Mutsinzi alisimama. Matope hadi magotini. Kucha zimevunjika. Alifika getini, akasimama hapo.

“Naweza kuingia?”

Tangu wajuane hakuwahi kuuliza hilo.

“Bado,” alisema Gwiza. “Nimefaulu.”

“Nilijua! Gwi, nilijua! Sasa nita...” Akajiziba mdomo kwa mkono wa matope. Masharubu yakabadilika rangi.

Gwiza alicheka bila kutaka. “Malizia.”

“Hapana. Nauliza. Unataka nini, Gwiza?”

“Sitaki kuhamia Ndera kwa sasa. Nitakwenda huko kikazi, jioni narudi kwangu Kabeza. Gusaba isubiri nimalize kazi ya lile shirika. Baba nitampigia mwenyewe. Akaunti zangu usiziguse tena, hata kwa wema. Na kijani sikipendi.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Mutsinzi aliitikia kwa kichwa. Ilionekana wazi ana majawabu mengi yanayomsukuma mdomoni, na anayazuia moja moja.

“Nilikuumiza,” alisema. “Niliuchukua mtihani wako kama wangu. Nisamehe.”

“Nimesikia.”

“Mashangazi wamerudi Kampala wamekasirika. Niwaambie nini?”

“Waambie ukweli. Kwamba mimi mwenyewe bado hujaniuliza.”

Mutsinzi alijifuta mikono kwenye suruali, mikono ikazidi kuchafuka.

“Gwiza, unataka kuolewa na mimi? Na kama ni hapana, nitaisikia. Sitakuja na mpango mwingine.”

Gwiza alizitazama zile kucha zake. Akagundua kuwa yeye mwenyewe amesimama pale getini muda wote bila kuhamisha mguu, bila kushika hiki na kuacha kile. Wiki nzima hakuwahi kutulia hivyo.

“Ndiyo,” alisema. “Nataka. Nilikuwa nataka tangu zamani, nilingoja tu mtu aniulize.”

Mutsinzi aliinamisha kichwa kwenye nguzo ya geti, mabega yakatikisika. Gwiza akafungua geti, akamshika mkono na matope yake.

Kutoka uwanjani Mama Keith akapaza sauti:

“Eeh! Nyumba ya Gwiza! Umuganda haijaisha, iko mkutano! Mutu wenu iko wapi?”

Mutsinzi alimtazama Gwiza. “Niende?”

“Twende.”

Walipofika, watu waligeuka kuwatazama, yeye kwa gauni safi na mwenzake kama ametolewa mtaroni. Mama Keith alinyanyua nyusi.

“Mimi niliomba mutu mumoja.”

“Najua, Mama Keith,” alisema Gwiza. “Leo nyumba yangu inatoa watu wawili.”