Barua za Tumbo la Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Karani alifungua madirisha yote mawili ya nyumba yao ili harufu itoke. Kisha alichukua ndoo iliyokaa kando ya kitanda cha Shangazi, akageuza uso pembeni, akaenda kuimwaga chooni. Aliisuuza mara tatu kwa sabuni, na bado aliona kinyaa kuishika. Darasani alichagua kukaa peke yake, maana alidhani harufu ile ya pombe na matapishi imemganda kwenye nguo.

Karani halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na Shangazi, dada ya baba yake aliyemlea tangu akibebwa mgongoni, kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Shangazi aliendesha mashine ya kukandia unga kwenye kiwanda cha mikate, na akiwa mzima hakuwa na mpinzani. Tatizo ni kwamba siku za kuwa mzima zilizidi kupungua. Hapo ndipo Karani alipopata kazi asiyoiomba.

“Karani, njoo na kalamu,” Shangazi alikuwa akiita, shuka limemfika puani. “Andika hivi: tumbo limenibana usiku kucha, siwezi kusimama.”

Karani aliandika. Barua ya kwanza aliiandika kwa huruma, ya tano kwa hasira, na ya tisa kwa kinyaa. Tumbo, tumbo, tumbo! Mtu asiyeijua nyumba yao angedhani Shangazi ni tumbo lililoota miguu. Lakini kiwandani waliamini. Muuguzi wa zahanati ya kiwanda akampa dawa za vidonda vya tumbo, zilipokwisha akampa nyingine, na Shangazi akazirundika zote chini ya godoro.

Siku moja Shangazi alirudi mapema, mkono wa koti lake la kazi umeraruka hadi kwenye kiwiko, ngozi imechubuka na kuvimba.

“Mashine imenitania,” alisema akicheka. “Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo, koti likanaswa. Bahati nzuri mwenzangu aliwahi kuizima.”

Karani alilitazama koti lile. Mashine ile haina utani na mtu. Ingemaliza koti, ikaendelea na mkono. Shangazi yeye alikuwa tayari anafungua chupa, na jua halijazama.

Kesho yake ndoo ilikuwa imejaa kuliko kawaida.

“Andika tumbo,” Shangazi alinong’ona. “Mpelekee muuguzi ukienda shule. Jumatatu nitarudi kwenye mashine yangu.”

“Lakini si tumbo, Shangazi.”

“Unanifundisha tumbo langu?”

“Ni pombe! Wewe ni mlevi!”

Shangazi aliangua kilio. “Nimekulea kwa mikono hii, leo unanitukana?” Machozi na kamasi vilichanganyikana juu ya shuka chafu. Karani alitafuta huruma moyoni mwake, hakuiona. Alikuta kinyaa tu: kinyaa cha shuka, cha ndoo, cha kilio kile, na zaidi ya vyote kinyaa cha mkono wake mwenyewe, kwa sababu uliishika kalamu na kuandika tumbo kwa mara ya kumi.

Akiwa njiani kwenda shule, Karani alipitia zahanati ya kiwanda. Muuguzi alikuwa mama mnene, miwani yake ikining’inia shingoni kwa kamba. Aliisoma barua akaguna.

“Tumbo gani hili sugu? Dawa zangu zote zimegonga mwamba. Basi, nitamwandikia aende hospitali kubwa wampitishe mpira kooni, waone huko tumboni kuna nini. Jumatatu aendelee na kazi wakati anasubiri zamu yake.”

“Kwenye mashine?” Karani aliuliza.

“Kwani tumbo linazuia kuendesha mashine?”

Karani alikumbuka koti lililoraruka. Aliinyakua barua kutoka mkononi mwa muuguzi, akaichana vipande viwili.

“Hana tumbo! Barua zote naandika mimi, na zote ni za uongo. Anakunywa. Asubuhi anakunywa, jioni anakunywa. Ni mlevi, na ananitia kinyaa!”

Alisubiri kofi, au angalau karipio. Muuguzi alivaa miwani yake tu, akamsogezea kiti.

“Asipokunywa anakuwaje?”

“Anatokwa na jasho, mikono inatetemeka. Ameapa kuacha mara tatu. Siku ya pili tu, amerudia.”

“Na kazi inamponyoka, anaona, na bado anaendelea,” alisema muuguzi. “Nikishampima ndipo nitasema kwa uhakika, lakini hizi ni dalili za uraibu wa pombe.”

“Si ulevi huohuo, umevalishwa suti?”

Muuguzi alicheka. “La hasha! Kulewa ni hali ya leo, kesho inaweza kwisha. Mtu anaweza kulewa siku moja asiwe mraibu. Uraibu ni ugonjwa: mwili na akili vimeizoea pombe kiasi kwamba mtu anataka kuacha na hawezi. Kwa hiyo neno hili halipachikwi ovyo kwa kila aliyeshika chupa. Na ‘mlevi’ ni tusi tu. Sina dawa ya tusi.”

“Kwa hiyo yeye hana kosa?” Karani aliuliza kwa uchungu.

“Kuugua si kosa. Kukufanya wewe uandike uongo ni kosa, na nitamwambia usoni.”

Jioni hiyohiyo muuguzi alibisha hodi nyumbani kwao. Shangazi alijishika tumbo upesi, lakini muuguzi hakumpa nafasi. Alimweleza yote aliyomweleza Karani, na Shangazi aliposikia neno ugonjwa, uso ukamkunjuka.

“Umesikia, Karani? Mimi ni mgonjwa, usinikemee tena. Hebu nisogezee mto.”

Karani aliuma meno. Kumbe hata neno la kitabibu mtu anaweza kulilalia!

“Taratibu, dada,” alisema muuguzi. “Mwenye malaria hulala akingoja mbu amwombe radhi? Mgonjwa huenda kutibiwa. Mashine hutaigusa mpaka upone, hilo nimeshamweleza msimamizi wako kiwandani. Wala usiache pombe ghafla ukiwa peke yako, unaweza kupata degedege. Kesho asubuhi nitakupeleka hospitali, uache chini ya uangalizi.”

Shangazi aliinuka, akaketi. “Nani amekuambia haya?”

“Mimi,” alisema Karani.

Shangazi alimtazama, akauondoa tumboni mkono wake uliochubuka.

“Sina tumbo,” alisema hatimaye. “Ni pombe. Imenishinda, dada yangu. Nipelekeni.”

Alikaa hospitali majuma mawili. Alipotoka alianza kuhudhuria kikundi cha watu wanaoacha pombe, na kiwandani akapangiwa kufunga mikate kwenye karatasi. Mwezi wa pili aliteleza. Alikunywa, lakini kesho yake alikwenda mwenyewe kwa muuguzi akasema, hakumtuma mtu. Tangu hapo hajarudia.

Siku moja Karani alimfuata muuguzi kwa jambo lililomkera moyoni.

“Nilimwonea kinyaa mtu aliyenilea. Nilikosea?”

“Ndoo ile niliyoiona kwenu ingemtia kinyaa yeyote, hata mimi,” muuguzi alijibu. “Kosa lako lilikuwa zile barua. Ulidhani unamsitiri shangazi yako, kumbe ulikuwa unaficha ugonjwa wake, na mimi nikatibu tumbo miezi minane huku yeye akiangamia. Siku nyingine ukiona ndugu yako anaharibika, usimtungie uongo. Mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia, na umwambie mambo yalivyo. Ukweli hata ukinuka, mwanangu, una dawa.”