Vivuli vya Ilomelo

Injini ilitokea ukutani ikinguruma. Haikuwa na uzito hata wa unyoya, maana ilikuwa mwanga mtupu, lakini watu waliokaa viti vya mbele katika ukumbi wa Baraza la Vituo mjini Tabora walivuta miguu nyuma wasije wakakanyagwa. Harufu ya dizeli ikajaa puani. Breki zikalia ule mlio wa chuma kusaga chuma ambao watoto wa mwaka 2071 hawaujui kabisa, na treni ya abiria ya kwenda Mwanza, iliyokwisha kukatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu zamani za kale, ikasimama juu ya vigae, behewa nyuma ya behewa, inang'aa.

“Dosari zimeondolewa,” ilisema sauti ya upole kutoka darini. “Hiki ni kituo cha Ilomelo, asubuhi, enzi za dizeli.”

Mashine iliyofanya maajabu hayo iliitwa Kirejeshi. Ndani yake mlikuwa na akili unde iliyolishwa picha za zamani, hata zile zilizopigwa kwa simu za kawaida. Kilipima mwanga wa kila picha, kikalinganisha hii na ile, kikapata urefu wa nguzo na upana wa reli, kisha kikajenga upya mahali pale kwa miale, sauti na harufu. Mtu aliweza kuingia, kuizunguka injini, hata kuchungulia chini ya behewa. Mabaraza yalikipenda. Shahidi wa damu na nyama husahau, hudanganya, hulia. Kirejeshi hakilii.

Nyanzala Kapalata, fundi miwani mstaafu wa hapo hapo Tabora, alikaa safu ya tatu huku moyo ukimdunda kwa furaha. Injini ile aliijua. Aliipiga picha yeye mwenyewe alipokuwa binti. Yeye na wenzake wa Chama cha Wapenda Reli walimaliza ujana wao kufukuzia treni kwa pikipiki kutoka kituo hadi kituo, bila kulipwa na mtu, wakichekwa na jamaa zao. Mwaka jana walikuwa wamekikabidhi Kirejeshi picha zao zote. Sasa, aliwaza, nani atatucheka?

Kisha akatazama pembeni ya injini, na furaha yote ikamtoka.

Kituoni hapakuwa na mtu. Ukingo wa kokoto ulikuwa mweupe kwa jua, mtupu. Hapakuwa na kina mama wa asali, wala wauza karanga, wala magunia, wala baiskeli zile zilizokuwa zikipakiwa kwa kugombana. Ilikuwa treni safi katika kituo safi, kama sahani ambayo haijawahi kuliwa.

“Kama baraza linavyojionea,” alisema Dakta Aurelia Rwiza, mwanamke mrefu wa makamo aliyekiunda Kirejeshi, na ambaye siku hiyo alikuwa shahidi wa shirika la treni-elezi, “treni ilisimama Ilomelo kupisha nyingine tu. Nimepitia picha za miaka yote. Hakuna abiria anayepanda. Hakuna anayeshuka.”

Hapo ndipo palipokuwa na shauri. Treni-elezi, ile isiyo na magurudumu inayoelea juu ya sumaku, ingeanza safari mwakani, na kitreni kidogo kinachohudumia vijiji kingeondolewa. Sheria ya Vituo ilisema kwamba mahali ambapo abiria walikuwa wakipanda na kushuka tangu enzi za dizeli hapawezi kunyimwa kituo. Shirika halikutaka kusimama Ilomelo, kwa sababu kusimama kunakula umeme. Na Maganga, mdogo wake Nyanzala na mwakilishi wa kijiji, alikuwa na mke, Kabula, aliyekuwa akisafishwa figo hospitalini Tabora kila wiki. Masika yakija, barabara ya Ilomelo hugeuka tope hadi magotini. Bila treni Kabula asingefika hospitali, na asipofika, kila mtu kijijini alijua kitakachofuata.

Maganga alisimama. “Mheshimiwa mwenyekiti, mimi nimezaliwa pale. Mama yetu ameuza asali kwenye treni hiyo hiyo mpaka miguu ikamgomea. Na alikuwa akipanda nayo kuja mjini kila akijaza ndoo.”

“Una picha yake akipanda?” aliuliza Bi Saada Mlenge, mwenyekiti wa baraza, mama mwenye sauti ya kuchoka lakini asiyependa kuonea mtu.

Maganga akageuka. “Aliyekuwa akipiga picha ni dada yangu. Yule pale.”

Ukumbi mzima ukamtazama Nyanzala. Akatikisa kichwa: picha hiyo hakuwa nayo. Bi Saada akaahirisha shauri kwa siku mbili.

Nje Nyanzala alimkuta Nassor Barwani, katibu wa chama tangu enzi hizo, akinywa kahawa kwa raha kama aliyetoka harusini.

“Umeiona rangi ile, Bi Nyanzala? Mpaka kutu ya bafa, kile chuma cha kugongea pale mbele, inaonekana!”

“Nassor, watu wako wapi?”

“Watu gani?”

“Watu wa Ilomelo! Wale uliokuwa ukiwapulizia filimbi!”

Nassor akashusha kikombe taratibu. Alikuwa ameelewa.

Kila mpenda reli aliijua kanuni. Jua liwe mgongoni kwako. Injini ikae mshazari, namba yake isomeke. Na mtu asionekane, kwa sababu mtu huchafua picha. Treni ilipokaribia, Nassor alikuwa akipuliza filimbi na kupaza sauti, “Tokeni kwenye picha, jamani, tokeni!” na watu wa Ilomelo, kwa adabu zao, walikuwa wakibeba ndoo na vikapu vyao na kwenda kusimama nyuma ya wapiga picha, wakicheka. Picha ikishapigwa ndipo walipokuwa wakikimbilia milangoni. Treni haikukaa sana. Mjomba wake Nyanzala aliwahi kuachwa na tenga la kuku mkononi, akaishia kuipungia.

“Sisi tulikuwa tunapiga injini, bibi,” alisema Nassor. “Hatukuwa wapiga picha wa harusi.”

“Basi nenda kamwambie Kabula hivyo. Mwambie tulimtoa mama mkwe wake kwenye picha, na sasa yeye anatolewa kwenye treni. Mwambie picha zilitoka nzuri!”

Alimwacha pale na kahawa yake, akamfuata Dakta Rwiza hadi chumba cha mitambo. Hakubisha hodi.

“Nataka picha zangu. Za mwanzo, kama nilivyozileta.”

“Hazipo tena, mama,” alisema Dakta Rwiza. Hakuwa mkorofi, na jambo hilo lilimuudhi Nyanzala zaidi. “Kirejeshi kikishasafisha picha, ile safi huandikwa juu ya ile ya kwanza. Tukitunza zote mbili ghala litajaa.”

“Mliniambia zitakuwa salama kuliko nyumbani kwangu.”

“Ziko salama. Ni bora kuliko zilivyokuwa.”

“Mmesafisha nini?”

“Dosari tu. Vumbi la lenzi, nyaya, ndege waliopita. Na vivuli vya chini. Kivuli hukichanganya Kirejeshi, kikadhani pana shimo.”

Nyanzala alihisi damu ikimchemka mpaka masikioni. Wao walikuwa wamewafukuza watu, na mashine ikafagia hata kilichobaki. Kisha ikaja kuapa mbele ya baraza kwamba mahali pale hapakuwahi kuwa na mtu! Alitaka kuupiga teke ule mtambo. Alichofanya ni kutoka na kuubamiza mlango, na mlango wenyewe ulikuwa wa kujifunga polepole, kwa hiyo hata haukulia.

Jioni hiyo alipanda kitreni na Maganga kwenda Ilomelo. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kuwa mahali ambapo hakuna atakayemsifia picha.

Asubuhi Kabula, mwembamba, uso umemvimba kidogo, alimletea chai sebuleni. Ukutani, juu ya kochi, palikuwa na kalenda ya karatasi iliyofifia, moja ya zile ambazo chama kilichapisha mwaka mmoja na kuwagawia wanavijiji kama ahsante kwa kuvumilia filimbi.

“Mbona hamjaitupa hii takataka?” Nyanzala aliuliza.

“Wifi, hiyo haitoki hapo,” alisema Kabula. “Nilipoolewa niliikuta, na mama mkwe akaniapia, siku nikiibandua nirudi kwetu. Alisema na yeye yumo.”

“Yumo wapi? Hii ni injini tupu.”

“Ndivyo nilivyomwambia. Akanisonya. Nikasema ni uzee, nikanyamaza.”

Nyanzala akavaa miwani na kusogea. Ilikuwa picha yake mwenyewe, ya asubuhi ile ile iliyoonyeshwa barazani. Juu anga, katikati injini. Chini, sentimita chache kabla ya kufikia tarehe za Januari, palikuwa na kokoto, na juu ya kokoto weusi mrefu uliojipanga. Nassor alikuwa na sheria yake: kivuli kinachoishia kwenye kokoto ruksa, kikigusa gurudumu picha imekufa. Hivi havikugusa gurudumu. Jua lilikuwa mgongoni kwa mpiga picha, na wote waliofukuzwa walisimama nyuma yake, na jua lile la asubuhi, lililo chini, liliwarefusha na kuwalaza mbele, ndani ya picha waliyokatazwa kuingia.

Akakaa chini sakafuni, kalenda mapajani, akalia kwa hasira. Kabula akakaa karibu naye.

Siku ya shauri ukumbi ulijaa. Watu wa Ilomelo walikuja na kitreni, wakasimama hadi milangoni. Nyanzala aliiweka kalenda mbele ya Bi Saada.

“Hii haijasafishwa na mtu. Iingizeni kwenye Kirejeshi kama ilivyo, na hayo maondoa-dosari yenu yazimwe.”

“Mheshimiwa,” alisema Dakta Rwiza, “vivuli si watu.”

“Kivuli hakijitembezi chenyewe, binti yangu!” Nyanzala alifoka. “Mimi nimepima mwanga maisha yangu yote, na wewe vilevile. Ukiona kivuli cha nguzo unanipa urefu wa nguzo. Cha mama yangu kina kasoro gani?”

Bi Saada akaonyesha kwa kidole: iwekwe.

Injini ikatokea tena, safari hii imefifia na kukwaruzika kama kalenda yenyewe. Miguuni pake vivuli vikalala. Kirejeshi kilichukua kivuli cha nguzo, kikapata pembe ya jua, kikarudi kwenye kila weusi uliokuwa kokotoni na kuuinua, mmoja mmoja, mahali ulipotoka. Ukumbi uliendelea kuitazama injini, maana huko ndiko kila mtu alikozoea kutazama.

“Geuza,” alisema Nyanzala.

Dakta Rwiza akazungusha gurudumu la kuongozea. Treni ikahamia nyuma ya waliokaa ukumbini, na mbele yao ukasimama umati. Walikuwa weusi, wa moshi, hawana macho wala midomo. Lakini walikuwa na ndoo vichwani, watoto migongoni, baiskeli, vikapu, tenga. Walijaa ukingo mzima wakisubiri kupanda. Dakta Rwiza aliachia gurudumu, akaziba mdomo kwa kiganja.

“Watu wamegunduliwa,” ilisema sauti ya darini. “Niwajazie nyuso?”

“Usithubutu!” alipiga kelele Nyanzala. “Sura zao huzijui! Umezifuta, na sisi tumezifukuza, usituletee za kubuni!”

Kisha mzee mmoja mlangoni akanyoosha fimbo. “Yule wa tenga ni Mjomba Sizya. Tazama alivyopinda bega.”

“Wa baiskeli ni baba yangu,” alisema mwingine. “Usukani ule ulikuwa umepinda hivyo hivyo.”

Wakaanza kutajana majina, wengine wakibishana, na Bi Saada akamwamuru karani ayaandike yote. Kivuli kimoja tu, kirefu kuliko vyote, kilichokuwa katikati kabisa, hakikupata mtu. Kirejeshi kilikuwa kimekiandika: mpiga picha.

Maganga alikitazama. “Dada,” alisema polepole, “wewe uliwahi kupiga picha na ndoo kichwani?”

Nyanzala akasogea. Juu ya kichwa cha kivuli chake mwenyewe, chenye mikono iliyoinua simu, palikuwa na kichwa kingine, na juu ya hicho palikuwa na ndoo. Akakumbuka. Alikuwa akipiga picha huku ameinama. Ukingo ule ulikuwa na mteremko kwa nyuma, na mtu alikuwa akimshika mkanda wa mkoba asije akarudi kinyumenyume akaanguka. Kila mara alikuwapo mtu wa kumshika. Naye, jicho likiwa kwenye injini, alikuwa akisema bila kugeuka, “Mama, hebu rudi nyuma kidogo.”

Mama hakurudi nyuma. Alikuwa amesimama pale pale.

“Baraza limeona,” alisema Bi Saada, akavua miwani na kuifuta. “Ilomelo ni kituo. Treni-elezi itasimama.”

Watu wakapiga vigelegele. Maganga alitoka mbio kwenda hospitali kumwambia Kabula, maana siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kusafishwa figo. Nassor Barwani, aliyekaa nyuma kabisa, aliinama na hakuinua uso. Nyanzala hakushangilia. Hasira yake haikuonyesha dalili ya kushuka, na hakuitaka ishuke. Alisimama mbele ya kile kivuli chenye vichwa viwili, karibu kukigusa.

“Shauri limekwisha,” ilisema sauti ya darini, kwa upole wake ule ule. “Niondoe dosari kabla ya kuhifadhi?”

“Gusa uone,” alisema Nyanzala.