Shuka Moja, Mikono Mingi

"Hivi jirani, wale wafanyakazi wako huwa wanacheka?"

Swali hilo aliulizwa Mama Dobi asubuhi moja, akifagia mbele ya mlango wa nyumba yake ya kufulia nguo. Aliyeuliza alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, muuguzi aliyestaafu. Mama Dobi aliinua uso.

"Wacheke nini, jirani? Wanafua."

"Haya. Nimeuliza tu. Zamani nilikuwa nawasikia mpaka jikoni kwangu. Siku hizi nasikia maji peke yake."

Jirani akaingia ndani. Mama Dobi akabaki na ufagio mkononi. Swali lile lilimchoma kama mwiba wa samaki, kwa sababu jirani alisema kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa ya watu watatu, na yeye wa nne. Uani, kwenye mapipa ya maji, alikuwa Bi Sabuni. Yeye alitoa madoa. Walimwita hivyo kwa sababu mikono yake ilinukia sabuni hata siku ya ibada. Kwenye kamba alikuwa Twiga, mwanamke mrefu aliyeanika bila kupanda kigoda. Chumba cha mbele alikaa Mstari, baba wa watoto watatu, mtu wa pasi. Shuka likitoka mezani kwake, pindo lilinyooka kama limepigwa rula.

Mashuka yalitoka hospitali. Mengi yalikuja na damu. Watu wengi hudhani damu hutolewa kwa maji ya moto. Sivyo. Maji ya moto hulipika doa, likang'ang'ania uzi. Bi Sabuni aliloweka kwa maji baridi na chumvi, akasubiri, kisha akasugua taratibu. Hakuna aliyeiona kazi hiyo. Uani mteja hafiki.

Miezi miwili nyuma, matroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali, alikuja. Akashika shuka mezani kwa Mstari, akaligeuza huku na huku.

"Mama, tangu mwaka uanze hatujarudisha hata shuka moja. Hongereni sana."

Mama Dobi alifurahi, nusura aruke. Kesho yake akanunua shati jipya. Akawaita wote chumba cha mbele, akampa Mstari.

"Huyu ndiye mfanyakazi bora," akasema. "Na nyinyi wengine mkikaza mwendo, zamu yenu itafika."

Alidhani amewasha moto. Kumbe ameumwagia maji.

Mstari alilivaa lile shati siku moja, hakulivaa tena. Twiga akaanza kumwita Bwana Bora. Mwanzoni ulikuwa utani. Baadaye hakuna aliyecheka.

"Bwana Bora, kaanike mwenyewe. Si wewe ndiye bora?"

Mashuka yakaanikwa yamejikunja kama matambara. Mstari naye, zamani akiona doa, alilirudisha shuka uani. Sasa alipiga pasi juu yake.

"Mimi ni wa pasi," alisema. "Madoa yana mwenyewe."

Wiki ile ile ya swali la jirani, mashuka kumi na moja yalirudishwa kutoka hospitali. Mchana Bi Sabuni akaja mbele, akijifuta mikono.

"Mama, Ijumaa namaliza. Nimepata pengine."

"Dada, nimekukosea nini?"

"Hujanitukana, hujanipiga. Ila hapa mimi sionekani."

Mama Dobi alipiga hesabu kichwani. Wapiga pasi wangepatikana. Lakini mtu wa kutoa damu kwenye shuka jeupe bila kulichakaza, alikuwa huyo huyo mmoja. Akiondoka yeye, hospitali nayo itaondoka. Na hospitali ikiondoka, watu wanne watakaa nyumbani kutazama dari.

Alimsimulia mumewe. Mume alikuwa anakula. Akatafuna kwanza, akameza.

"Mama watoto, umemsifu mpakuaji, mpishi amenuna. Ulitegemea nini?"

"Wewe nawe! Nimekuja na msiba, unanipa mafumbo."

Lakini maneno yalimwingia. Akavuka kwa jirani yake, muuguzi.

"Jirani, lile swali lako. Jibu ni hapana. Hawacheki."

"Kaa," alisema jirani, akamsogezea kiti. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nikueleze tulivyofanya wodini. Mgonjwa aliyekuwa mahututi akipona, siku anayoondoka tulisimama wote mlangoni. Daktari, wauguzi, mpishi, na dada wa kudeki. Kila mtu alimtaja mwenzake kwa alichofanya. 'Huyu alideki mara tatu siku ile mgonjwa alipotapika.' 'Huyu alimpikia uji mwepesi, akaanza kula.' Basi. Dakika kumi, tunarudi kazini."

"Na zawadi?"

"Zawadi ya nini? Ukimpa mmoja, wengine unawafanya watazamaji wa harusi ya mtu. Kilichopatikana kwa wote kishangiliwe na wote. Tena usiseme 'mmefanya vizuri' ukaishia hapo. Hata kasuku anajua kusema hivyo. Sema nani alifanya nini. Na useme siku ile ile. Furaha ikipoa haina ladha."

"Nikifanya hivyo, Bi Sabuni atabaki?"

"Sijui, dada yangu. Moyo wa mtu anaujua Mungu. Ila anza na kosa lako. Ulimsahau mbele ya watu, mkumbuke mbele ya watu."

Ijumaa ikafika. Yale mashuka kumi na moja yalikuwa yamefuliwa upya na kupelekwa asubuhi. Saa sita matroni alituma habari: yote yamepokelewa, hakuna hata moja lenye doa. Mama Dobi hakungoja. Alichemsha chai, akanunua mkate, akavipeleka uani. Hakuwaita chumba cha mbele. Wakakaa juu ya mabeseni yaliyofudikizwa.

"Nilikosea," alianza. "Matroni aliposema hongereni, alitusifu sote. Mimi nikampa mtu mmoja. Dada, mashuka yale yalitakata mikononi mwako kabla hayajafika mezani. Twiga, wewe uliyanyoosha kwenye kamba mpaka pasi ikawa nyepesi. Naomba mnisamehe."

Mstari akakohoa.

"Na mimi niseme. Lile shati lilinibana."

"Lilikuwa dogo?" aliuliza Mama Dobi.

"Saizi yangu kabisa. Lilinibana tu."

Twiga akapasuka kicheko, chai ikamwagika. Mstari akaendelea:

"Shuka likifika kwangu na doa, nitapiga pasi mpaka kesho, doa liko pale pale. Huyu dada ameyaloweka yale kumi na moja mara tatu. Nimemwona kwa macho yangu."

"Na mimi namtaja Mstari," alisema Twiga. "Jana upepo ulitaka kunirusha pamoja na kamba. Akaacha pasi, akaja kunishikia."

"Upepo gani wa kukurusha wewe? Labda ung'oe paa kwanza!" alisema Mstari.

Wakacheka wote. Bi Sabuni alificha mdomo kwa ncha ya kitambaa, lakini mabega yalimtikisika. Alipotulia, akamgeukia Mama Dobi.

"Nitakaa mwezi mmoja kwanza, niangalie mambo yanavyokwenda."

Tangu hapo, kila Ijumaa mzigo ukitoka, walikaa uani dakika kumi. Kila mtu alimtaja mwenzake. Siku nyingine lilikuwa jambo dogo tu: kamba iliyokatika ikaungwa, au mtu aliwahi kazini mvua ikinyesha. Mstari akarudi kuonyesha madoa mapema, bila maneno. Twiga akaacha kumwita Bwana Bora. Hakuna shuka lililorudishwa. Matroni alipokuja kuwapa kazi ya wodi ya pili, Mama Dobi alimpitisha moja kwa moja mpaka uani, awashike mikono wote.

Siku ya mwisho ya mwezi, Mama Dobi alisali kabla ya kufungua mlango. Bi Sabuni aliingia chumba cha mbele kuchukua chumvi.

"Dada," alisema Mama Dobi, "mwezi umeisha leo."

"Najua."

"Na kule pengine?"

Bi Sabuni aliuweka mfuko wa chumvi kwapani.

"Mashuka ya wodi ya pili nimeyaloweka tangu jana," alisema. "Yakizidi kukaa yatachacha."

Akatoka kuelekea uani.