Jina Alilolipenda Kemigisha

“Umeandika jina gani?” Mucyo aliuliza, jembe bado begani.

“Lako.”

“Lipi, Kemi?”

Mjukuu wangu Kemigisha alikuwa akimenya ndizi nami. Akacheka.

“Mucyo. Nimekuweka wa kwanza, juu ya wanaume wote wa Rugera. Karatasi imepelekwa wilayani asubuhi.”

Kijana akashusha jembe, akakaa chini kwenye udongo.

Niwaeleze, wajukuu zangu mnaosoma. Gosbert, mwenye ng’ombe wengi, alizungushia chemchemi yetu seng’enge. Kemigisha akapita nyumba kwa nyumba kukusanya majina ya kudai maji. Mucyo, mchumba wake, alizaliwa hapa hapa, ila wazazi wake walitoka Rwanda, na kitambulisho hakuwahi kupata. Kwenye vibarua alijiita Elpidius, jina la ubatizo. Mucyo, jina la Kinyarwanda, lilikuwa la nyumbani tu.

“Kwa nini hukuandika Elpidius?” nikamuuliza.

“Bibi, Elpidius ni wa vibarua. Anayenioa mimi ni Mucyo. Nilitaka ahesabiwe kama watu wengine.”

Nikajaribu kumchangamsha kijana.

“Kitendawili.”

“Tega, bibi.”

“Nilipewa nikilia, nitaondoka niliache.”

“Jina,” akajibu polepole. “Ila mimi, bibi, nitaondoka nalo.”

“Labda hawatalisoma,” Kemigisha akasema.

“Gosbert atayasoma yote. Akifika kwangu atauliza huyu ni nani.”

Siku ya nne, ujumbe wa Mucyo ukaingia kwenye simu ya Kemigisha: “Watu wa uhamiaji wamenikuta shambani. Niko mahabusu Kayanga. Usije, Kemi.”

Akapanda bodaboda, akaenda. Alinisimulia mwenyewe walivyoongea, yeye nje ya dirisha, Mucyo ndani.

“Si nimekwambia usije?”

“Nimekuja kusema nilikosea. Nitawaambia hakuna Mucyo hapa Rugera, ni Elpidius, Mkristo wa kwetu.”

“Halafu?”

“Halafu wakuachie.”

“Halafu Gosbert aseme karatasi ina jina la uongo, na kama moja ni la uongo, yote ni ya uongo. Analisubiri neno hilo tu, Kemi.”

“Na asubiri.”

“Jirani yetu Restuta ana mimba ya miezi minane. Juzi ulimwona na ndoo ya maji kule bondeni, akipumzika kila hatua kumi.”

“Restuta ana mume. Mimi sitakuwa na wangu.”

“Najua.”

“Basi nisaidie, Mucyo. Niambie niseme.”

“Siwezi kukwambia hivyo. Ukitaka kusema, sema. Sitakulaumu.”

Kemigisha alisimama pale hadi afisa mmoja akatoka na kumuuliza, “Dada, una neno?”

“Sina,” akasema.

Neno hilo moja ndilo lililomrudisha nyumbani bila mchumba, na Mucyo akavushwa mpaka hadi Rwanda.

Baada ya wiki tatu wilaya ikatoa amri, seng’enge ikang’olewa. Akina mama walimbeba Kemigisha juu juu, wakaimba, naye akawaomba wamshushe. Siku iliyofuata Restuta akajifungua. Mtoto akaogeshwa maji ya hapo hapo karibu.

Mvua zilipoanza, simu ya Kemigisha ikaita. Namba ngeni, sauti ya Mucyo.

“Maji yanatoka?”

“Yanatoka. Unakaa wapi?”

“Kwa shangazi. Ndiyo kwanza nimemjua.”

“Wanakuitaje huko?”

“Mucyo. Tuko wengi. Mtu akiita tunageuka watatu.”

Kemigisha akaishika simu kwa mikono miwili.

“Nitakuja, Mucyo.”

“Na bibi utamwachia nani? Hapa nalala jikoni, kwa watu. Nikuweke wapi?”

Akanipa simu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba. Umekula?”

Nyuma yake nikasikia watu wakiongea lugha ya wazazi wake, upesi upesi.

“Bibi, mwambie aolewe na mwingine.”

Nikamgeukia Kemigisha. Sauti ya simu ile ni kubwa.

“Mwambie nimesikia,” akasema, akachukua ndoo, akatoka.