Nguo ya Bibi Yosefina

Asubuhi ile Agnella na kaka yake Evod walikuwa wanachota tope sebuleni kwa sufuria. Mto Lumemo ulikuwa umefurika na kuingia hadi chumbani kwa Bibi Yosefina. Bibi mwenyewe alikuwa Mlimba, anamuuguza ndugu yake.

Godoro limelowa, mpunga umelowa. Hayo yalivumilika. Kisha Evod akafungua sanduku la bibi.

"Agnella, njoo! Tumekwisha!"

Ndani mlikuwa na nguo ya pamba yenye mistari myekundu. Mama yake bibi aliifuma kwa mikono yake. Bibi alishasema mbele ya ukoo mzima: "Nikifa, nizikeni nayo." Sasa ilikuwa imejaa tope.

Bibi ana presha, na kesho anarudi kwa treni.

"Lete beseni na sabuni ya unga," Agnella alimwambia Evod. "Tuifikiche, tuianike juani. Hatagundua."

Hatagundua! Bibi yule yule anayejua kijiko kimoja kikipotea.

"Acheni!" Dada Restuta, jirani yao, alikuwa mlangoni. Yeye hutunza nguo za kale katika jumba la makumbusho, na alikuwa likizo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Msiifikiche wala msiikamue. Nyuzi za zamani zikilowa huwa dhaifu. Mtabaki na vipande mkononi."

Agnella alirudisha mikono nyuma.

Waliinyanyua nguo kwa chandarua, wakailaza juu ya shuka jeupe. Restuta alikandamiza kitambaa cheupe kwenye mstari mwekundu. Kitambaa kikatoka na wekundu.

"Rangi inachuja," alisema. "Basi hatuisuuzi. Maji yataisambaza nguo nzima."

"Na tope?" aliuliza Evod.

"Tuliache likauke kwanza."

"Basi tuitoe juani."

"Jua litaipausha. Tuiweke kivulini penye upepo, tena leo hii. Ikikaa na unyevu itaota ukungu."

Walikandamiza taulo nyeupe juu yake zinyonye maji, wakazibadilisha kila zilipolowa. Kila alipoinua taulo, Agnella aliogopa kuikuta nguo yote nyekundu. Mchana hakula. Akilini alimwona bibi akianguka mlangoni, na watu wakisema ni yeye aliyemuua.

Kesho yake tope lilikuwa limekauka. Walitandika chandarua juu ya nguo, wakalipangusa tope kwa brashi laini, polepole. Chini yake likatokea tundu. Agnella akaanza kulia.

"Lia, lakini shika sindano," alisema Restuta. Aliweka kitambaa kipya cha pamba nyuma ya tundu. "Shona kwa uzi mwembamba, usivute. Hatulifichi, tunalizuia lisiongezeke."

"Na hili doa?"

"Litabaki. Tukilazimisha litoke, litatoka na nguo."

Bibi aliwakuta hivyo. Alitua mzigo, akainama, akagusa mshono.

"Nani kashona hapa?"

"Mimi, bibi. Nisamehe."

Bibi alikaa chini. Agnella alihesabu pumzi za bibi kwa hofu.

"Tutaiweka wapi?" bibi aliuliza mwishowe.

"Isirudi sandukuni," alisema Restuta. "Mfukoni mwa plastiki pia hapana. Iviringisheni kwenye bomba lililofungwa kitambaa safi cha pamba, juu, mbali na sakafu. Muikague mara kwa mara."

"Ninyi mtaikagua?" bibi aliwageukia watoto.

"Tutaikagua, bibi."

Bibi alifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Niliogopa kuwaachia," alisema. "Nilijua mtaifanya tambara la kudekia. Sasa nikifa, nizikeni na kitenge. Hii ni yenu."