Aliyeitika Kwenye Kiwanja cha Zenobia

Lori la maji lilikuwa na tabia mbaya ya kufika saa ile ile ya kuitwa majina. Jua likizama nyuma ya ukungu wa Lima, honi inalia kule chini barabarani, na huku juu mlimani Hilario Tinco, katibu wa wavamizi wa ardhi, anaanza kupita kiwanja kwa kiwanja na daftari lake. Uchague mwenyewe: maji au ardhi.

Sheria ilikuwa moja na haikuwa na huruma. Kiwanja kikikosa mtu mzima jioni mara tatu, anapewa mwingine. Mtoto hahesabiki. Zenobia Ccahuana alikuwa ameshakosekana mara mbili. Na jioni hiyo binti yake Nélida, wa miaka saba, alikuwa amelala anaungua homa, midomo imempasuka, na ndani ya nyumba hamkuwa na hata tone la maji.

Tuite nyumba, basi. Ilikuwa mikeka minne ya matete iliyofungwa kwenye vigingi, ndani ya mstari wa chokaa. Wiki tatu nyuma, watu mia mbili walikuwa wamepanda pale na kamba zao, wakajigawia mlima ulio nyuma ya huaca, lile lichuguu kubwa la matofali ya udongo lililojengwa na watu wa kale. Waliolijenga walikuja kutawaliwa na Wainka. Wainka wakaondolewa na Wahispania, nao wakapima mitaa kwa kamba, wakasema wameanzisha mji. Mji ukala mashamba, ukala mabonde, na sasa ilikuwa zamu ya kina Zenobia kutoka Ayacucho. Kila aliyefika alisema ardhi ile ni tupu. Tupu wapi, jamani? Ukichimba shimo la kigingi unakutana na mtu.

Zenobia alikutana naye siku ya pili. Fuvu dogo la rangi ya kahawia, bado lina nywele, limeviringishwa kitambaa cha pamba. Jirani yake Eulogia, mama mnene aliyekuwa ameshavamia viwanja vitatu maishani mwake, alimwambia asilitupe. Aliweke pembeni, aliite babu, kila Jumatatu alipe majani ya koka na sigara iliyowashwa, nalo litamlindia nyumba na wezi. Wengi pale mlimani walifanya hivyo na hakuna aliyeona ajabu.

"Ila mwombe akulinde tu," Eulogia alimwambia. "Usimpe kazi nyingine, shoga. Hawa hawajui kuacha."

Honi ililia.

Eulogia alikuwa bado hajarudi kutoka sokoni. Majirani wengine walikuwa wamekaa kwenye viwanja vyao wakisubiri jina, na kule kwenye foleni hakuna aliyeruhusiwa kumbebea mwenzake ndoo. Nélida aliomba maji tena, sauti haitoki vizuri. Zenobia alitazama ndoo, akatazama kona ya babu. Akapiga magoti pale, akawasha sigara, akaichomeka kati ya meno ya lile fuvu.

"Babu," alinong'ona, "kaa hapa badala yangu. Wakiita, itika wewe."

Hakuna upepo uliopita. Lakini ncha ya sigara iliwaka nyekundu... ikafifia... ikawaka tena.

Zenobia alichukua ndoo zake akakimbia.

Foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa na hasira. Alipopata maji yake, giza lilikuwa limeanza kuingia na ukungu umeshuka mpaka magotini. Akawa anapanda taratibu, ndoo moja kila mkono, akiomba kimoyomoyo Hilario awe amechelewa. Hakuchelewa. Alikutana naye akiteremka, daftari kwapani, uso umechangamka.

"Mbona hukuniambia una baba mkwe?" Hilario aliuliza. "Mzee mstaarabu sana. Nimeita jina lako, akaitika yeye. 'Tupo.'"

Zenobia hakuwa na baba mkwe. Hakuwa hata na mume.

"Umemwona?"

"Ndani kulikuwa giza. Nimeona sigara tu. Mpe maji huyo mzee, sauti imemkauka." Akafungua daftari, akalisogeza karibu na macho. "Nimemuuliza mko wangapi. Amesema yeye na mjukuu wake."

"Na mimi?"

Hilario alipitisha kidole kwenye mstari, kisha akamtazama kwa aibu kidogo.

"Hakukutaja."

Ndoo moja ilianguka palepale.

Kabla hajafika mlangoni aliisikia harufu. Udongo mbichi. Pamba iliyooza. Tumbaku. Na chini ya miguu yake, katika mlima ule ambao haujawahi kunyeshewa mvua ya maana, aliyasikia maji yakitiririka.

Alisukuma mkeka.

Nélida alikuwa amekaa wima. Homa hakuna. Ngozi yake ilikuwa baridi, midomo ina tope. Nywele alizokuwa nazo timtim mchana kutwa zilikuwa zimesukwa vimistari vyembamba, kila kimoja kimefungwa uzi wa pamba, msuko ambao Zenobia hakuwahi kuuona kwa mtu yeyote aliye hai.

"Shikamoo, mama," mtoto alisema kwa heshima, kama anavyosalimiwa mpita njia. "Unamtafuta nani?"

Zenobia alimsogezea kikombe cha maji.

"Asante. Tumeshakunywa. Babu ameufungua mfereji wa zamani, huku chini."

Zenobia alimnyakua, akatoka naye mbio. Alipovuka tu mstari wa chokaa, mtoto alilegea. Pumzi ikakata. Macho yakageuka. Zenobia akarudi hatua moja nyuma, na kile kifua kikapanda, kikashuka. Akajaribu tena upande wa huaca. Akajaribu upande wa barabara. Mara tatu alimuua mwanawe, mara tatu akamrudisha, kisha akakaa chini juu ya chokaa akilia bila sauti.

Hapo ndipo Eulogia alipomkuta. Alisikiliza yote amesimama, mzigo wake bado kichwani, na hakuvuka mstari.

"Ulimwambia akae badala yako," alisema mwishoni. "Basi amekaa."

"Nitamwachia kiwanja. Anirudishie mtoto wangu tu."

"Kiwanja gani unamwachia, Zenobia? Hapa ni kwao."

Kesho yake alilizika fuvu kwenye huaca, kwa koka na pombe na machozi, akaomba radhi kwa lugha zote mbili alizozijua. Jioni Hilario alipopita akiita, sauti kavu ilitoka kwenye ile kona iliyokuwa tupu. Tupo.

Angefanyaje? Kuhama hakuweza, kwa sababu mtoto hahamishiki. Alibaki. Aliuza supu sokoni miaka na miaka, akageuza mikeka kuwa matofali, akamwaga zege ghorofa ya kwanza, akaongeza ya pili. Lami ilifika, umeme ukafika, na Lima ikawapita hapo walipo, ikaenda kupanda milima mingine. Hilario alishakufa. Eulogia naye alihama bila kuaga. Siku hizi watu wa huko huuita mtaa ule katikati ya mji.

Nélida ana mvi. Tangu jioni ile hajakanyaga barabarani. Hupika, hufua, husuka nywele zake kwa uzi wa pamba, na wageni humwona mwanamke mpole asiyependa kutoka. Waliofika karibu na ile kona wanasema kuna unyevu ukutani usiokauka, na kwamba ukitega sikio utadhani kuna zaidi ya mzee mmoja. Nyumba ya pili yake nayo ina unyevu sasa. Na ya tatu.

Zenobia hurudi kutoka sokoni jua likizama. Funguo anazo, hati ina jina lake, lakini haingii. Husimama nje ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akabisha hodi. Ndani husikika minong'ono, kama watu wanashauriana. Kisha sauti ya mwanawe huuliza ni nani.

Miaka ya mwanzo alikuwa anajibu, "Ni mimi, mama yako." Mlango haukufunguliwa hata mara moja, na alilala nje.

Siku hizi hujibu, "Mgeni."

Hapo hufunguliwa.